Kabla ya Lango la Hospitali: Majibu kwa Maneno Yanayomchelewesha Mgonjwa wa Ubongo

Mtu akianguka na kutokwa na povu pale stendi ya Voi, ushauri humfikia kabla ya mkono wa msaada. Mmoja anaitisha kijiko, mwingine anaitisha maji, wa tatu anasema asiguswe, ana mapepo. Mama akiamka alfajiri kule Mbololo mkono wa kulia hauinuki, jirani anasema mwacheni apumzike, itaachia. Kijana akianguka na bodaboda Maungu, wanaomjua wanasema ni pombe.

Wanaosema hivyo ni watu wanaompenda mgonjwa, na hilo ndilo linalonifanya niyajibu maneno yao kwa uzito. Ubongo ukikosa damu, hewa au sukari hauna akiba ya kungojea. Mara nyingi mgonjwa hupotea katika muda ulio kati ya nyumbani na kasualti, na muda huo huliwa na maneno. Mengine nimeyasikia vijijini, mengine yanasemwa na sisi wenyewe tuliosoma.

"Kiharusi huachia chenyewe. Mkande kwa mafuta, apumzike."

Kiharusi ni mshipa wa damu ubongoni ulioziba au uliopasuka. Ukikanda mkono uliolegea unatibu mahali pasipo na ugonjwa, kwa sababu mkono ni mzima na kilichokatika ni amri kutoka kichwani. Mwaka 2006 daktari Jeffrey Saver wa Marekani alikokotoa kwamba mshipa mkubwa ukiziba, seli za neva zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika. Saa moja ya kutafuta mkandaji ni hasara ambayo hakuna mazoezi ya viungo yatakayoirudisha yote.

Ni kweli kwamba wengine huachiwa. Mdomo unapinda kwa robo saa, kisha unanyooka, na nyumba nzima inashukuru. Lakini hilo ni onyo, na siku mbili zinazofuata ndizo zenye hatari kubwa ya kiharusi kamili. Aliyeachiwa saa nne asubuhi anatakiwa kuonwa na daktari siku hiyo hiyo.

Kukitambua hakuhitaji mashine. Mwambie mgonjwa atabasamu uone kama upande mmoja wa uso umeanguka. Ainue mikono miwili, uangalie ule unaoshuka. Aseme sentensi moja anayoijua vizuri. Kisha andika saa, nayo ni saa aliyoonekana mzima kwa mara ya mwisho, hata kama wewe umemkuta baadaye. Aliyelala saa tatu usiku akaamka amepooza, saa yake inahesabiwa tangu saa tatu usiku. Daktari atakuuliza hilo kabla ya kukuuliza jina la ukoo, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ilithibitishwa mwaka 1995 kwa saa 3 za kwanza, na mwaka 2008 muda huo ukaongezwa hadi saa 4 na nusu. Sasa pima kwa barabara zetu. Taveta hadi Voi ni kilomita zipatazo 110, na Voi hadi Mombasa ni kama 150, malori yakiwa mbele yako njia nzima. Familia ikisubiri kupambazuke, muda umekwisha kabla gari halijawashwa.

"Hata tukienda, bila picha ya CT na dawa hiyo hakuna watakalofanya."

Hili linaniuma zaidi ya mengine kwa sababu linasikika kama busara. Limeshasemwa na wahudumu wa afya pia, wakiinua mabega.

Picha ya CT ina kazi yake: ndiyo inayotenganisha mshipa ulioziba na uliopasuka, na dawa ya kuyeyusha damu haitolewi bila picha. Lakini tazama yanayowezekana kabla yake. Tone moja la damu kwenye kipimo cha sukari linaweza kubadili kila kitu. Mzee mwenye kisukari aliyemeza vidonge na hakula anaweza kupooza upande mmoja, kubwabwaja na kuzimia mithili ya mtu wa kiharusi kabisa. Akipewa maji ya sukari kwenye mshipa, anaweza kukaa kitandani akiuliza amefikaje hapo. Asipopimwa, ubongo wake unaharibika akingojea gari la kwenda kupiga picha.

Kisha kuna mambo matatu yanayofanywa na wauguzi. Mwaka 2011 Sandy Middleton, muuguzi na mtafiti wa Australia, na wenzake walichapisha utafiti wa wodi 19 za kiharusi katika jimbo la New South Wales. Wodi zilizopewa utaratibu mpya zilifuata mambo hayo tu: kupima na kushusha homa, kupima na kurekebisha sukari, na kumjaribu mgonjwa kumeza kabla ya kumpa chakula au kinywaji chochote. Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42 katika wodi hizo, na asilimia 58 katika wodi za kulinganisha. Hakuna katika hayo kinachoishinda Wundanyi au Taveta. Vinavyotakiwa ni kipimajoto, kipimo cha sukari, kikombe cha maji, na muuguzi asiyehudumia wodi tatu peke yake.

Kwa hiyo ndugu mpendwa uliyekuja na chupa ya uji, ushikilie kwanza. Mgonjwa ambaye koo lake limelegea anaumeza uji kuelekea mapafuni, na siku ya nne anakufa kwa nimonia huku watu wakisema kiharusi kilimrudia.

"Presha iko juu mno, ishusheni sasa hivi."

Mashine inaonyesha 190 kwa 105 na familia inaogopa. Zamani kulikuwa na desturi ya kupasua kidonge cha nifedipini na kukidondoshea chini ya ulimi. Mwaka 1996 madaktari waliandika katika jarida la JAMA wakitaka desturi hiyo isimamishwe, kwa sababu presha ilianguka ghafla na watu wakapata kiharusi kipya au mshtuko wa moyo. Mshipa ukiziba, sehemu ya ubongo iliyo ukingoni inaishi kwa kusukumiwa damu na presha hiyo hiyo ya juu. Ukiikata ghafla unaimalizia. Ndiyo maana mara nyingi daktari ataiacha hadi ipite 220 kwa 120, isipokuwa kuna sababu nyingine, kama vile damu iliyovuja au maandalizi ya dawa ya kuyeyusha. Asipokimbilia kuishusha, hajampuuza mzee wenu.

Aspirini nayo isitolewe nyumbani. Ni dawa nzuri ya kiharusi cha mshipa ulioziba, na ni hatari kwa ule uliopasuka. Jikoni hakuna wa kukuambia upi ni upi.

"Huyo ana mapepo, hospitali hawayawezi."

Hapa Taita jambo hili lina historia, na halifai kufagiliwa kwa dharau. Mtafiti Grace Harris, aliyeishi kwenye vilima vya Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika mwaka 1957 kuhusu saka, hali iliyowapata hasa wanawake walioolewa: kutetemeka, kutikisa kichwa, mara nyingine kupoteza fahamu, na tiba yake ilikuwa ngoma na kupewa walichotamani. Wazee wetu waliona jambo la kweli. Kuna mitetemeko isiyotokana na umeme wa ubongo kuvurugika. Mara nyingi aliye nayo hufumba macho kwa nguvu, mwili hupumzika na kuanza tena, na huendelea muda mrefu bila midomo kubadilika rangi. Huyu haigizi. Anateseka, na anahitaji kusikilizwa na mtu mwenye ujuzi, bila makofi na bila sindano za kumkomoa.

Lakini hakuna aliyesimama pembeni anayeweza kuapa kwamba anachokiona ni hicho. Akiwa mjamzito, au amejifungua wiki hizi chache, mkono wangu hauwezi kutulia nikisikia neno mapepo. Mjamzito anayetetemeka ana kifafa cha mimba hadi ithibitishwe vinginevyo. Ishara hutangulia: kichwa kuuma sana, macho kuona giza au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, uso kuvimba. Dawa yake ni magneziamu salfeti, ambayo ni rahisi na ya zamani. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba inapunguza degedege kurudi kwa zaidi ya nusu ikilinganishwa na diazepamu. Aliyepelekwa kwa maombi kwanza na hospitali baadaye anaweza kufika damu imeshavuja ubongoni. Mwombeeni garini.

Na kijiko? Jibu ni fupi. Ulimi haumezwi. Kijiko huvunja meno, na vipande vya meno huingia kwenye njia ya hewa. Mlaze mgonjwa ubavu, ondoa mawe na moto karibu naye, legeza kola, na utazame saa. Kifafa kingi hukoma chenyewe ndani ya dakika mbili tatu. Kikifika dakika 5, au kikirudi kabla mtu hajazinduka, ni dharura hata kwa mtu aliyezoeleka kuwa na kifafa. Kadiri kinavyoendelea ndivyo dawa zinavyozidi kushindwa kukizima.

"Mtoto mwenye degedege akidungwa sindano, anakufa."

Imani hii imeenea Pwani yote. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 walikuta wazazi wakisema degedege huletwa na ndege au pepo, na kwamba sindano humaliza mtoto. Walikuta pia mtoto akifukizwa moshi wa kinyesi cha tembo. Tunaoishi kati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi tunajua kinyesi hicho hakipatikani kwa shida.

Sitasema wazazi wale hawakuona kitu. Waliona mtoto amefika hospitali siku ya tatu, akadungwa, akafa. Sindano ilikuwa jambo la mwisho walilolishuhudia, ikabebeshwa lawama ya siku tatu zilizotangulia.

Tena nitaongeza jambo ambalo wapinzani wangu wangeweza kunitolea, maana ni la haki. Sindano isiyopimwa inaweza kuua. Pale Kilifi, Jane Crawley na wenzake waliwapa watoto wenye malaria ya ubongo fenobabitoni ili kuzuia degedege. Matokeo yalichapishwa katika Lancet mwaka 2000. Degedege zilipungua kweli, lakini waliokufa walikuwa asilimia 18 kwa waliopata dawa na asilimia 8 kwa wasiopata, hasa wale waliokuwa wamepewa pia diazepamu mara tatu au zaidi. Dawa hizo zikirundikwa huzima pumzi. Ndiyo sababu leo mtoto hupimwa uzito kabla ya dozi, dozi za diazepamu huhesabiwa, na mfuko wa kumpumulisha huwekwa kando ya kitanda. Matabibu walijipima wenyewe, wakakuta kosa, wakaliandika hadharani. Sijui kafara iliyowahi kupimwa hivyo.

Na kuna sindano iliyothibitika kuokoa. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo: artesuneti ilipunguza vifo vya malaria kali kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini. Taveta ya chini, yenye maji na mashamba ya kumwagilia, haijawahi kuwa mgeni wa malaria. Kati ya 1955 na 1959 nyumba za Taveta na za upande wa Pare zilinyunyiziwa dieldrini katika mradi wa pamoja wa nchi mbili, na vifo vya watoto wachanga vikashuka. Mtoto wa huko mwenye homa anayetetemeka anatakiwa kupimwa malaria na sukari mara moja, kwa sababu malaria kali inaweza kushusha sukari mwilini na ubongo wake ukaharibika bila mtu kujua.

Linalofuatana na hili: "Wakimtoa maji ya uti wa mgongo, atapooza." Sindano hiyo huingia chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia. Inachukua matone ya maji yanayozunguka neva ili kujua kama kuna homa ya uti wa mgongo na ni kijidudu gani kinachoileta. Wanaopooza au kupoteza kusikia huharibiwa na ugonjwa wenyewe. Mkikataa kipimo, msikatae dawa. Na daktari naye, kama kipimo kitachelewa, aanze antibiotiki kwanza.

"Amelewa huyo. Alale, pombe itamtoka."

Voi imekaa juu ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, na kasualti yake hupokea yale barabara inayoyatema. Harufu ya pombe hufunga macho ya watu wengi kuliko giza. Mlevi naye huvunjika fuvu, na huvunjika mara nyingi zaidi.

Kuna jeraha moja ambalo ningependa kila mwendesha bodaboda alijue. Mtu anagonga kichwa, anazimia kidogo, anaamka, anazungumza, hata anasisitiza aende nyumbani. Ndani ya fuvu mshipa mdogo unavuja. Saa chache baadaye kichwa kinamuuma, anatapika, anasinzia, anakoroma. Mboni ya jicho moja inakuwa kubwa kuliko ya pili. Wenzake wanasema sasa amelala vizuri. Huyu angepona kabisa kwa upasuaji uliofanywa mapema.

Kwa hiyo kila aliyegonga kichwa na akazimia, kutapika zaidi ya mara moja, kusahau kilichotokea au kutokwa na damu au maji sikioni, aende hospitali hata kama ameamka. Akifika, apimwe kwa alama za Glasgow, kipimo kilichotolewa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett: kufumbua macho, kuongea, kusogeza viungo, kuanzia 3 hadi 15. Namba moja haitoshi. Inapimwa tena na tena, na ikishuka kutoka 14 hadi 12 katikati ya usiku, hapo ndipo simu ya Mombasa inapigwa, bila kungojea daktari wa zamu ya asubuhi. Dawa ya asidi traneksamiki, ambayo wodi za uzazi huitumia kwa mama anayevuja damu, ilionyeshwa mwaka 2019 kuwafaa wenye majeraha ya kichwa yasiyo makali sana wakiipata ndani ya saa 3.

Na tafadhali msimbebe mshikaki, katikati ya watu wawili juu ya pikipiki, kichwa kikining'inia. Ubao wa mlango na nyuma ya pikapu ni bora kwa shingo yake.

"Nyoka ni wa jiwe jeusi na kamba."

Wengi watashangaa kuona nyoka hapa, lakini sumu ya koboko na ya baadhi ya swila hushambulia neva. Kope zinalegea, mate yanashindwa kumezwa, sauti inabadilika, kisha kifua kinachoka. Mgonjwa bado anasikia yote yanayosemwa juu yake, hata pale anapodhaniwa amekufa. Kinachomuua ni kukosa pumzi, na mtu anayebonyeza mfuko wa hewa kwa utaratibu anaweza kumvusha hadi dawa ya sumu ifanye kazi au neva zirudi.

Jiwe jeusi lina sifa kwa sababu nyoka wengi hawana sumu, na hata mwenye sumu huweza kuuma bila kuitoa. Kamba iliyokazwa huua kiungo, na kuchanja huongeza damu na vidonda. Funga mkono au mguu kwenye kipande cha mti usisogee, mvue pete, mbebe bila kumtembeza, na mkumbuke saa aliyoumwa. Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017. Kwa mchungaji wa Kasigau haikuwahi kusahaulika.

"Bila pesa mkononi hawatampokea."

Katiba ya 2010, Ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikafafanua: matibabu hayo yanajumuisha huduma kabla ya hospitali, kutuliza hali ya mgonjwa, na kupanga rufaa pale kituo kinaposhindwa. Kituo chenye uwezo kikikataa, faini yake hufika shilingi milioni 3.

Najua sheria na lango si kitu kimoja. Mwaka 2015 mwanamume aliyegongwa na gari akaumia kichwa alikaa saa 18 ndani ya ambulensi jijini Nairobi akitafutiwa kitanda cha ICU, akafa. Nchi nzima ilimlilia. Wanaosema neno hili wanayo sababu, na silipingi kama uongo. Nalipinga pale linapokuwa sababu ya kubaki nyumbani. Nenda, mwambie mhudumu kwamba ni dharura, mtajie saa ilipoanza, na pesa zizungumzwe mgonjwa akiwa kitandani.

Lililobaki ni la wenye madaraka wa kaunti yetu huko Mwatate. Mgonjwa wa ubongo anayeondoka Voi kwenda Mombasa asipande ambulensi yenye dereva pekee. Apande na muuguzi, oksijeni, mashine ya kunyonya mate, diazepamu na kipimo cha sukari, na daktari wa upande wa pili awe amepigiwa simu kabla magurudumu hayajazunguka. Zahanati za Taveta na Kasigau ziwe na artesuneti na magneziamu mwaka mzima, siyo kungojea hadi fedha za robo mwaka ziingie. Wananchi wanaweza kuliuliza hili kwenye vikao vya bajeti ya kaunti, na kuitaka orodha ya dawa hizo isomwe kwa majina, kituo kwa kituo.